Mchoro wa Upande wa Risasi

Tarehe 3, mwezi wa pili

Mke mwenzangu,

Usinisalimie. Kwanza nijibu: njia za huko uliko zimefungwa? Magari yameisha? Miaka miwili na miezi minne. Nimehesabu mimi, ambaye shule niliiona kwa nje nikipita na ndoo kichwani. Tangu tulipomzika mume wetu hujakanyaga hapa. Unatuma vile vichwa vya njano vinavyocheka kwenye simu ya mama yako, naye ananiinamishia simu usoni, "Mama, ona, anakusalimia." Kichwa cha njano hakijawahi kunisalimia. Mimi nina mjukuu.

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nikianza tu kupata moto inakatika, halafu nabaki nagombana na ukuta. Barua haikatiki. Na wewe ujibu kwa mkono wako, nione kama bado unaandika herufi ya R kama mtu aliyekaa vibaya.

Unajua nilivyojifunza kuandika. Babu yako alikuwa akipokea redio anafunga kikaratasi kwenye kitufe cha sauti: jina la mwenyewe, na ugonjwa. "Haisemi." "Inakoroma." "Inanuka." Mimi nikawa navinakili vile vikaratasi, mpaka vidole vikazoea. Kwa hiyo ukiona bibi yako anaandika kama anapokea redio, vumilia. Maneno magumu namuuliza fundi cherehani wa mlango wa pili. Tangu nianze kumuuliza ameota kiburi, anakohoa kwanza kabla ya kujibu.

Karakana ipo. Mama yako anataka niifunge nihamie kwake, nikae kwenye kochi nitazame watu wakipendana kwenye televisheni. Nimemwambia siku nikifa anizike na kochi lake. Redio haziji kama zamani. Siku hizi wananiletea feni, pasi, na zile taa za kuchaji zisizodumu hata mwezi. Lakini saa mbili asubuhi nafungua dirisha, nawasha chuma cha kulehemu, na ule moshi wa kwanza wa risasi ya kulehemia ukipanda, naona kama kuna mtu amekaa upande wa pili wa meza, anatafuta miwani aliyoivaa.

Sasa nieleze. Mama yako anasema kazi yako ni kuchora bodi za kupanda juu ya kompyuta. Nikamuuliza, kompyuta ni punda? Hajui. Nieleze wewe, taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye akili ambaye hakuwepo. Halafu unitumie moja niishike. Kitu cha mikono yako sijawahi kukishika. Babu yako alikwenda hajakishika.

Na uwe unakula. Mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba kama waya wa ndani ya kengele.

Ni mimi, bibi yako,
Mke Mkubwa


Tarehe 14, mwezi wa pili
(Barua hii haikutumwa)

Bibi, shikamoo,

Umeniuliza kazi yangu. Nikueleze basi.

Wiki tatu zilizopita zililetwa bodi mia mbili nilizozichora mimi. Ni za kusoma joto la majokofu ya chanjo kwenye zahanati, ili jokofu likianza kupata joto mtu aambiwe kabla dawa hazijaharibika. Nilichukua ya kwanza, nikaipandisha juu ya kompyuta yake, nikawasha. Ikatoka harufu ile unayoijua wewe kuliko mtu yeyote. Nikasema hii moja ni mbovu. Nikachukua ya pili. Harufu ile ile.

Safu mbili za pini zimebadilishana nafasi. Volti tano zinaingia palipotakiwa volti tatu. Bodi zote mia mbili. Ni kosa la mtu wa wiki ya kwanza kazini, na mimi nina miaka sita. Mkuu wa kitengo hakunifokea, heri angefoka. Aliniuliza tu, "Ilikuwaje?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Ule mchoro nimeutazama mpaka macho yanawasha, na kila nikiutazama unaniambia uko sawa. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mtu anaonyeshwa kosa lake na bado halioni, kesho atachora nini?

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye droo. Mwisho wa mwezi wa tatu naipeleka. Siachi ofisi hii tu, Bibi, naacha kuchora. Rafiki yangu ana duka la simu, anahitaji mtu wa kusimama kaunta.

Na kuna jingine. Babu alipougua mlinipigia mara tatu, na mara tatu nilisema nikimaliza bodi hii nakuja. Nilikuja kuzika. Kama kitu kilichonifanya nimwache Babu peke yake kitandani ndicho hiki kinachonuka mezani kwangu, basi


Tarehe 16, mwezi wa pili

Mke Mkubwa, shikamoo,

Nimepata barua yako na nimekoma. Nisamehe kwa ukimya, kazi ni nyingi tu. Mimi mzima kabisa, na nakula.

Kazi yangu ni hivi. Kuna kompyuta ndogo, unaweza kuificha kwenye kiganja. Ina akili, lakini haina masikio, haina pua, haina mikono. Haijui kama nje kuna joto wala baridi. Mimi nachora bodi ya kuvikwa juu yake kama kofia, na bodi ile ndiyo inayoipa viungo hivyo. Zinashikana kwa pini arobaini, safu mbili za ishirini ishirini. Kila pini ina kazi yake na haziingiliani: hii ya umeme, hii ya kuongea, hii ya kusikiliza. Ili mtu asipotee, kwenye pini ya kwanza kitako cha risasi kinafanywa cha mraba, na zile nyingine zote ni duara.

Tena kila bodi tunaiwekea kichipu kidogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni kujitambulisha. Kompyuta ikiamka tu inauliza, wewe nani? Kichipu kinajibu, mimi ni fulani, naweza hiki na hiki. Babu angekipenda hicho.

Nakutumia bodi moja, na kompyuta yake pia ili uone zinavyokaa. Ile kompyuta imekufa, ni ya kutazama tu, usiiunge kwenye umeme. Unaweza kuitundika ukutani.

Mimi mzima, nimekwisha kusema.

Mjukuu wako,
Mke Mdogo


Tarehe 2, mwezi wa tatu

Mke mwenzangu,

Kifurushi kimefika. Fundi cherehani amenisomea barua yako mara mbili, mara ya pili akatia na sauti. Umesema wewe mzima mara mbili kwenye karatasi moja. Mtu mzima hasemi hata mara moja, anasema habari nyingine.

Nimekipenda hicho kichipu chenye adabu. Mwenzangu alipokuja kwetu mara ya kwanza baba yangu alimuuliza, "Wewe nani?" akajibu, "Nimeleta redio." Hakuna aliyeagiza redio. Alikaa pale saa nzima ameikumbatia kama mtoto, mpaka mama akamhurumia akampa maji. Angekuwa na kichipu kama chako ningeolewa mwezi mmoja mapema.

Sasa tuje kwenye hiki ulichonitumia. Bodi ni nzuri. Imekaa kiganjani kama kitu kilichokuwa hapo zamani. Kingo laini, matundu manne ya pembeni yametoboka vizuri, vipande vimepangwa kama watu wanaoheshimiana. Niliinusa. Nikaisogeza puani tena. Halafu nikaiweka chini, maana umeniletea maiti bila kuniambia imekufa kwa nini. Mimi nimekaa na mafundi miaka hamsini. Fundi haletewi mfu akaambiwa tundika ukutani.

Nikazigeuza zote mbili zilale kifudifudi, nikapitisha ukucha kwenye vitako vya pini, kimoja kimoja. Umesema cha kwanza ni mraba. Kwenye kompyuta nimeupata mraba: pembeni kabisa, safu ya ndani. Kwenye bodi nimeupata: pembeni vile vile, lakini safu ya nje. Nikazivisha. Mraba na mraba havikukutana. Nikamwita fundi cherehani, nikamwambia tazama bila kukohoa. Akatazama. Akasema, "Mama, hivi viwili vimepeana migongo."

Kwa hiyo hii kompyuta haikufa, iliuawa. Na wewe unajua, kwa sababu wewe si mjinga, mimi ndiye niliyekutawaza ukiwa mtoto. Umenitumia ukidhani bibi ataifanya pambo.

Nataka mambo mawili. Niambie ziko ngapi kama hii. Na niambie uliichora vipi, tangu mkono ulipogusa karatasi.

Usiniandikie kwamba wewe mzima.

Bibi yako,
Mke Mkubwa


Tarehe 10, mwezi wa tatu

Bibi, shikamoo,

Ziko mia mbili.

Nilidhani ungeiweka ukutani. Nilikuwa nimesahau wewe ni nani, nisamehe.

Zahanati arobaini zinazingoja. Bodi mpya haziji kabla ya miezi miwili. Watu wa ofisini wananisalimia kwa upole kama nimefiwa, na huo upole unanimaliza. Nimeandika barua ya kuacha kazi, itakwenda tarehe thelathini na moja. Sikutaka ujue. Usinibembeleze, Bibi, nimeshafikiri. Siwezi kuchora huku sijui jicho langu linanidanganya wapi.

Umeuliza niliichora vipi. Vipande vingine vyote vinatoka kwenye maktaba ya programu tunayochorea, vimeshachorwa na watu. Lakini ile soketi ya pini arobaini tuliyonunua ilikuwa ya aina mpya, haikuwemo. Nikaichora mwenyewe. Kwanza kwa penseli kwenye karatasi, kama Babu alivyonifundisha: soketi, safu mbili, namba moja, mbili, tatu, nne. Nikaikagua na karatasi yangu, ikawa sawasawa. Nikaiingiza kwenye kompyuta jinsi ilivyo. Wenzangu walikagua kila kitu isipokuwa ile soketi, kwa sababu niliichora mimi na mimi ndiye wa siku nyingi. Ndiyo yote. Nakuwekea ile karatasi ya penseli uone.

Na wewe nina swali. Barua yako mistari inapandiana, mmoja umeandikwa juu ya mwenzake. Kwa nini ulipapasa vitako kwa ukucha badala ya kuvitazama? Kwa nini ulimwita fundi cherehani? Bibi, macho yako yana nini?

Alipougua Babu mlinipigia mara tatu. Nakumbuka kila mara nilijibu nini. Basi nilitaka tu ujue nakumbuka.

Mjukuu wako


Tarehe 17, mwezi wa tatu

Mke mwenzangu,

Kaa chini. Kama umesimama unasoma, kaa.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu niliunguza redio. Hujawahi kusikia hii kwa sababu tulikubaliana isisemwe. Ilikuwa redio ya mwenye kiwanda cha sabuni, kubwa kama kabati la vyombo, yenye zile taa za kioo ndani. Babu yako alikuwa na kazi nyingi, akanionyesha kulehemu, akanichorea karatasi: waya huu hapa, huu pale. Mimi nikailaza redio kifudifudi, maana risasi inawekwa chini, nikafuata karatasi hatua kwa hatua. Sikukosea hata mahali pamoja. Tukawasha, ikapiga mlio kama paka aliyekanyagwa, moshi ukajaa chumba kizima.

Akafungua dirisha. Mimi nikaingia ndani nikafunga nguo zangu kwenye shuka. Akanikuta mlangoni. "Unakwenda wapi?" Nikamwambia kwetu, hii si kazi ya mtu asiyesoma. Akachukua ile karatasi na ile redio mbovu, akavitazama. Halafu yule mwanamume, na shati lake jeupe, akalala chali sakafuni chini ya meza, akanyanyua redio juu ya uso wake kama anayetazama dari, akaanza kuchora upya. Yeye alikuwa amechora akitazama kwa juu. Mimi nalehemu kwa chini. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Hakuna aliyekosea, tulikuwa pande mbili za kitu kimoja.

Akatoka chini ya meza na vumbi mgongoni. Akasema, "Kuanzia leo mimi ndiye nitakayegeuza kichwa. Anayelehemu ni wewe." Nikafungua lile shuka.

Miaka arobaini na tisa, mke mwenzangu. Kila mchoro alioufanya mtu yule aliuchora kwa upande wangu, upande wa risasi. Mafundi wenzake walimcheka, wakimwambia michoro yako imevaa nguo kinyume. Hakubadili. Ila ili asichanganye watu, pembeni mwa kila karatasi alichora unyayo mdogo wa mguu. Maana yake: huu umetazamwa kutoka chini.

Wewe ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unakaa pale kwenye kopo la rangi unanakili madaftari yake. Ulinakili kila kitu. Unyayo uliuacha, uliona ni pambo. Babu yako aliona. Mimi nilimwambia, mweleze huyo mtoto. Akasema, "Mwache, mkono wake ni mzuri, nitamwambia akikua." Ukakua, ukaenda, hakukuambia.

Nimeishika karatasi yako ya penseli. Fundi cherehani ameisoma namba kwa namba nami nikiwa na soketi mkononi. Umeichora kutoka chini. Umeichora ukiwa umelala chali chini ya meza yetu, bila kujua uko huko. Halafu ukaipa mashine inayodhani kila mtu anatazama kwa juu. Ndiyo maana ukiutazama mchoro unaona uko sawa. Uko sawa. Jicho lako halikudanganyi, linatazama upande wa risasi tu, na hakuna aliyekuambia.

Kosa hili ni letu watatu, na mmoja wetu ameshalala, kwa hiyo tumebaki wawili wa kulibeba. Usijivishe lote peke yako kama koti la marehemu.

Sasa dawa. Nimekaa nazo siku tatu. Soketi yako umeilehemu chini ya bodi. Ing'oe. Ilehemu juu, upande wenye vipande. Halafu igeuze bodi kama unavyofunua ukurasa wa daftari, pini zikiwa ndiyo mshono. Haitaikalia kompyuta tena kama kofia, itatokeza nje kama kibaraza, vipande vikitazama chini. Nimejaribu: mraba unakutana na mraba. Boksi lako halitafunga, hilo ujue. Tafuteni boksi pana. Bodi ya kibaraza inayofanya kazi ni bora kuliko kofia inayoua. Kung'oa soketi ya pini arobaini bila kuchuna bodi ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye mkono, na wewe mkono unao. Zahanati arobaini, bodi arobaini. Nyingine zingoje hizo mpya.

Kuhusu mume wetu. Ulipopigiwa mara ya pili na ya tatu alikuwa hamjui mtu. Mimi mwenyewe aliniita kwa jina la dada yake, akaniambia nimrudishie baiskeli. Ungekuja ungekalishwa umpepee, na yeye angekuuliza baiskeli iko wapi. Mara ya kwanza ulipopigiwa alikuwa na akili zake, na aliposikia unachora bodi alisema, "Msimsumbue." Hilo neno nilikuwa nalo miaka miwili, nikakunyima kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Hapo nilikosa. Sasa unalo.

Na macho. Macho yana ukungu, tangu mwaka juzi. Kahawia na nyekundu zimekuwa ndugu, siwezi kusoma michirizi ya rangi kwenye rezista. Fundi cherehani ananisomea rangi, na hajamwambia mtu kwa sababu ananiogopa. Nalehemu kwa pua na vidole. Nimenyamaza kwa kuwa mama yako akijua tu, kochi litakuja mpaka huku.

Basi tupatane kama wake wenza wenye akili. Wewe usiipeleke ile barua. Mimi nitakwenda kutazamwa macho. Ukiipeleka, siendi, na nitakuandikia barua moja kila wiki mistari ikipandiana mpaka usome kwa machozi.

Nimekuwekea ukurasa mmoja wa daftari lake. Unyayo uko pembe ya chini.

Bibi yako,
Mke Mkubwa


Tarehe 4, mwezi wa nne

Mke Mkubwa, shikamoo,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita. Niliisoma nimekaa, nikasoma tena nimekaa sakafuni.

Tarehe thelathini na moja niliingia kwa mkuu wa kitengo. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nayo mfukoni, sikudanganyi. Nikamwekea mezani ukurasa wa Babu, na karatasi yangu ya penseli, nikamwambia, "Uliniuliza ilikuwaje. Ilikuwa hivi." Nikamweleza habari ya meza, shati jeupe, na unyayo. Nilitegemea acheke. Alitazama ule ukurasa muda mrefu, akauliza, "Alifanya hivi miaka mingapi?" Nikamwambia. Akasema, "Mimi mke wangu naye analalamika sijui hata anakunywa chai na sukari ngapi."

Sijasamehewa moja kwa moja. Bodi inayofuata ataongoza mtu mwingine, mimi nitakuwa chini yake. Ni haki. Lakini sikuitoa ile barua mfukoni.

Tumeng'oa soketi arobaini na tatu. Tatu nilizichuna, arobaini zimekwenda. Ya kwanza niliigeuza kama ulivyosema, kama ukurasa, nikawasha. Haikunuka. Kompyuta ikauliza wewe nani, bodi ikajibu. Nilikwenda msalani nikakaa huko kidogo. Maboksi mapana yamepatikana, ni mabaya kama nini, ya kijivu, yanafanana na mkebe wa mswaki. Zahanati ya kwanza imewasha jana.

Na sasa mtu yeyote akichora kipande chake mwenyewe, anakichapisha, tunakibandika kwenye kioo cha dirisha, mwingine anatoka nje barabarani kukisoma kwa kule. Wapita njia wanatushangaa.

Nimetimiza yangu. Mama amenipigia, anasema hujakwenda kutazamwa macho, unasema unangoja barua. Barua ndiyo hii.

"Msimsumbue." Nalisema hilo neno kila siku kwa sauti yake. Asante, na usininyime kitu tena.

Mjukuu wako,
Mke Mdogo


Tarehe 22, mwezi wa tano

Mke mwenzangu,

Naandika mwenyewe na naona ninachoandika. Mistari imenyooka, ipime.

Ni jicho moja kwanza, la pili baada ya mvua. Mtoto wa jicho, wanaita, ila mtoto yule alikuwa amezeeka. Daktari ni binti mdogo, anaongea taratibu, nikamwambia mwanangu mimi ni macho ndiyo mabovu, masikio mazima. Alinitoa kitambaa asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mama yako amenisimamia, ameota mvi, hakuniambia.

Nikarudi karakana. Ningejua ningebaki na ukungu. Buibui wamejenga mtaa kule juu ya rafu. Fundi cherehani ni mzee, miaka yote nilidhani naongea na kijana. Na risasi nilizoweka mwaka jana, mke mwenzangu, ni vinyesi vya kuku. Watu walizichukua hivyo hivyo, wakasema asante mama, wakaondoka nazo. Nimewaita wote mmoja mmoja nizirudie. Wengine wamekataa, wanasema zinafanya kazi. Nimewaambia hata mimi nafanya kazi, lakini niangalieni.

Halafu nikafungua madaftari. Yako kumi na moja, sikuwa nimeyaona vizuri miaka miwili. Nilikaa nayo tangu asubuhi mpaka jua lilipohamia ukuta wa pili. Kila ukurasa, ule unyayo. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba niliacha kuuona hata nilipokuwa na macho. Daftari la kwanza unyayo una vidole vyote vitano, umechorwa kwa makini, mtu bado anajitahidi. Kufika la tano ni mviringo na nukta. La mwisho ni kama koma. Lakini haukukosekana hata ukurasa mmoja, hata ile miezi mkono ulipokuwa unamtetemeka. Mtu alikuwa ananiandikia barua miaka arobaini na tisa, na mimi nalehemu tu.

Mama yako alikuja kwa habari ya kochi. Alikuta nimewasha chuma. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama, akaniuliza kwa nini natumia risasi kidogo hivyo. Nikamweleza. Akauliza tena. Kufika saa saba ameshika mita ya kupimia umeme. Habari ya kochi haikusemwa. Usimwambie nimekwambia, atajistahi.

Nakuona unasema "nitakuja." Hilo neno nalijua, lina miaka miwili na miezi saba sasa. Kwa hiyo nakuagiza.

Usije Jumapili. Jumapili wanakuja wageni, wanakalishwa sebuleni, wanasifu mapazia, wanaondoka. Njoo Jumanne. Mlango wa mbele usiubishe, zunguka nyuma uingie kama anayeingia kazini. Zawadi usilete. Daktari amenikataza kuinama wiki sita, na kuna redio ya mkunga iko mezani imelala kifudifudi, inamngoja mtu wa kuinama. Vaa nguo mbaya, na kucha ukate kabla hujapanda gari.

Bibi yako,
Mke Mkubwa